Kisu, Busu na Brashi

Mwaka 1961, katika ukumbi wa Galerie J jijini Paris, wageni walikabidhiwa bunduki. Mbele yao zilitundikwa kazi nyeupe za plasta, na ndani ya plasta hiyo msanii Niki de Saint Phalle alikuwa ameficha vifuko vya rangi. Mgeni alilenga, akafyatua, plasta ikapasuka na rangi ikachuruzika juu ya weupe ule hadi chini. Risasi ya mtazamaji ndiyo iliyoikamilisha picha. Miaka 25 baadaye, Machi 1986, mtu mmoja aliingia Stedelijk Museum mjini Amsterdam akiwa na kisu, akasimama mbele ya picha ya Barnett Newman iitwayo Who's Afraid of Red, Yellow and Blue III, akaichana. Huyo alifikishwa mahakamani, akafungwa.

Matukio yote mawili yana mtazamaji, chombo cha hatari, na kazi isiyoonyesha mtu, mnyama wala mlima. Tukisema la kwanza ni sanaa na la pili ni uharibifu, tunapaswa kueleza tofauti iko wapi, maana wapo wanaodai kwamba haipo. Hoja yao ni kuwa sanaa dhahania, kwa kukataa kuiga vitu vya dunia, imemwachia mtazamaji kazi yote ya kuipa maana. Kwa hiyo mtazamaji ana haki pia ya kuongeza, kufuta au kupasua. Naiona hoja hiyo kuwa ya kupotosha, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Anayeamua kama kazi iguswe au isiguswe ni aliyeitengeneza. Akiruhusu, tuiguse kwa masharti aliyoyaweka, asiporuhusu, tuiache. Na kanuni hii haiwabani watazamaji peke yao. Inayabana pia majumba ya sanaa, ambayo mara nyingi hukataza kile ambacho msanii mwenyewe alikiruhusu.

Tuangalie kwanza kilichopotea Amsterdam. Picha ya Newman, aliyoichora kati ya 1967 na 1968, ina upana wa zaidi ya mita 5 na kimo cha zaidi ya mita 2. Karibu yote ni nyekundu. Ukingo wa kushoto una mkanda wa buluu, ukingo wa kulia una mkanda mwembamba wa njano, na hakuna kingine. Asiyeizoea sanaa ya namna hii huuliza kuna nini hapo cha kuharibu. Kuna uso wenyewe wa picha. Wekundu ule haukupakwa kwa mkupuo mmoja; Newman aliujenga kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa na kina na mtetemo ambao picha iliyochapishwa kitabuni haiwezi kuuonyesha. Katika maonyesho yake ya 1951 jijini New York alibandika tangazo akiwaomba watu wasizitazame picha zake kubwa kwa mbali, bali wazisogelee. Alitaka rangi ijaze upeo wote wa macho, mtu asiwe na pa kukimbilia. Mwaliko huo ulibeba imani kubwa kwa mtazamaji: kwamba atakayepewa nafasi ya kusogea hataitumia kudhuru.

Hukohuko Amsterdam, mwaka 1975, mtu mwingine mwenye kisu aliishambulia The Night Watch ya Rembrandt pale Rijksmuseum. Picha ile ilirejeshwa. Makovu yapo kwa anayeyatafuta, lakini kapteni bado amenyoosha mkono wake mbele na askari wake bado wanajipanga. Warejeshaji walikuwa na mwongozo ndani ya picha yenyewe: mkunjo wa nguo hujulikana unakoelekea, kidole hujulikana kinakoishia. Picha ya Newman haina mkunjo wala kidole. Ina uwanja wa rangi usiokatika, na kule kutokatika ndiko kunakosema kila kitu ambacho picha inataka kusema. Mkato mmoja unatosha kuinyamazisha. Ndiyo maana dai la kwamba picha dhahania hazina cha kupoteza linaukosa ukweli kabisa: picha ambayo haina hadithi wala sura ya kuegemea huumia zaidi uso wake unapoguswa.

Yaliyofuata yalithibitisha hilo. Picha ilipelekwa New York kurejeshwa, ikarudi Amsterdam mwaka 1991, na mara ikazuka shutuma kwamba badala ya kuziba mikato tu, mrejeshaji alikuwa ameupaka upya uwanja mwekundu kwa rola. Mwenyewe alikana, kesi zikafunguliwa, mwisho pande zote zikafikia maelewano. Waliokuwa wameijua picha kabla ya kisu walisema kina cha wekundu ule kilikuwa kimetoweka. Kisha, Novemba 1997, mtu yuleyule wa kisu akarudi katika jumba lilelile. Picha aliyoifuata hakuikuta, akaigeukia Cathedra, kazi nyingine ya Newman, ya mwaka 1951, uwanja mpana wa buluu, akaichana. Safari hii jumba lilikataa kufanya mambo kwa haraka. Warejeshaji walichukua miaka wakiunganisha turubai uzi kwa uzi, na buluu iliyosalia hawakuifunika. Tofauti ya marejesho hayo mawili inatufundisha kwamba hata mkono unaotengeneza unaweza kukiuka mipaka ya kazi ya mtu, usipojizuia.

Wenye kudhuru sanaa dhahania kwa kawaida huja na utetezi wa namna mbili. Wa kwanza ni mazungumzo. Januari 1997, palepale Stedelijk, msanii wa Kirusi Alexander Brener alinyunyiza alama ya dola kwa rangi ya kijani juu ya msalaba mweupe wa Kazimir Malevich. Alieleza kwamba alikuwa akipinga ufisadi na biashara katika ulimwengu wa sanaa, na kwamba kitendo chake kilikuwa mazungumzo kati yake na Malevich. Hoja ya biashara ni nzito. Picha zinageuzwa hisa, zinafungiwa maghalani, zinauzwa kwa bei zinazowadhalilisha wasanii wenye njaa, na anayelipigia kelele jambo hilo ana haki ya kusikilizwa. Lakini aliyelipa gharama ya hasira ile hakuwa dalali wa sanaa wala benki. Alikuwa Malevich, aliyefariki mwaka 1935 baada ya kubanwa na serikali ya Kisovieti kwa sababu ya sanaa hiyohiyo.

Ama hilo neno mazungumzo, sisi tuliokulia katika ushairi wa Kiswahili tunayajua mazungumzo ya wasanii yalivyo. Katika malumbano, tangu Mombasa ya Muyaka bin Haji hadi kurasa za mashairi za magazeti yetu, mshairi anayempinga mwenzake huchukua bahari ileile, pengine vina vilevile, akatunga shairi lake. Anaweza kumchoma, kumkebehi, kumvua nguo mbele ya wasomaji. Beti za mpinzani wake, hata hivyo, hubaki kamili kama zilivyotungwa, na ndizo zinazompa msomaji uwezo wa kuamua nani kashinda. Anayefuta beti za mwenzake hajajibu, amemnyang'anya msomaji ushahidi. Brener angeweza kuchora turubai lake na kulitundika mitaani au popote. Angeweza kuandika, kuhutubia, kusimama mlangoni na bango. Alichofanya kilimwacha Malevich bila nafasi ya kusema chochote, na mazungumzo ya upande mmoja hayastahili jina hilo.

Utetezi wa pili ni mapenzi, nao ni mgumu zaidi kuukataa kwa sababu unagusa moyo. Julai 2007, katika Collection Lambert mjini Avignon, Ufaransa, mwanamke mmoja alisimama mbele ya turubai jeupe la Cy Twombly, akalibusu. Midomo yake ilikuwa na rangi nyekundu, na alama ikabaki. Alisema lilikuwa tendo la upendo, kwamba weupe ule ulimzidi nguvu, na kwamba msanii angemwelewa. Naamini alisema kweli kuhusu moyo wake. Lakini msanii alikuwa hai, angeweza kuulizwa, na hakumwelewa. Alijiunga na walalamikaji akidai fidia ya euro 1 tu, akionyesha kwamba kilichomuuma hakikuwa fedha. Mahakama ilimpa euro hiyo, ikamwamuru mwanamke yule alipe euro 1,000 kwa mwenye picha na 500 kwa jumba, pamoja na kufanya kazi za kijamii. Picha ilikadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 2, na rangi ya midomo ina mafuta ambayo hupenya turubai na kugoma kutoka.

Fundisho la Avignon ni kwamba nia njema haimpi mtu ruhusa. Weupe ulikuwa ndio neno la Twombly, na aliyeupenda aliukomesha. Ndivyo ilivyokuwa pia mjini Yekaterinburg, Urusi, Desemba 2021, katika Kituo cha Yeltsin. Picha ya Anna Leporskaya, mwanafunzi wa Malevich, iliyochorwa miaka ya mwanzo ya 1930, inaonyesha watu watatu wenye nyuso tupu, bila macho wala midomo. Mlinzi wa jumba alichukua kalamu ya wino na kuchora vijiduara vya macho kwenye nyuso mbili. Utupu ule msanii aliuchagua: nyuso zinazomnyima mtazamaji jibu la haraka, zinazomlazimisha atafute mtu mahali ambapo alama za mtu zimeondolewa. Vijiduara vinne vya wino vilitosha kuzifanya nyuso mbili ziwe vikaragosi. Anayeona nafasi tupu kwenye picha na kudhani imesahauliwa hajaitazama picha bado.

Kwa hiyo chuki haitoi haki, mazungumzo ya upande mmoja hayatoi, na mapenzi hayatoi. Kinachotoa ni ruhusa, na wasanii waliotaka kuitoa wameitoa kwa uwazi usiohitaji kubahatishwa. Mwaka 1953 Robert Rauschenberg, akiwa kijana, alitaka kutengeneza sanaa kwa kufuta. Alikwenda kwa Willem de Kooning, mchoraji aliyemheshimu kuliko karibu wote, akamwomba mchoro ili aufute. De Kooning hakulifurahia wazo hilo, lakini alilielewa. Akachagua kwa makusudi mchoro ambao angeukosa, tena mgumu kufutika. Rauschenberg akasugua kwa vifutio kwa majuma hadi karatasi ikabaki na vivuli hafifu. Kazi hiyo leo iko San Francisco, na uzito wake wote umo katika kule kuomba na kukubaliwa. Ondoa idhini ya de Kooning, na kinachobaki ni kijana aliyeharibu mchoro wa mtu.

Yayoi Kusama naye, mwaka 2002, alitengeneza kwa ajili ya watoto wa Queensland Art Gallery mjini Brisbane chumba chenye samani za nyumbani, kila kitu kikiwa cheupe: kochi, meza, vikombe, kuta. Kila anayeingia hupewa karatasi ya vibandiko vya duara vya rangi, avibandike popote apendapo. Siku zinavyokwenda weupe unamezwa na madoa maelfu. Uhuru wa mtazamaji hapo ni mkubwa, lakini una umbo: vibandiko vile, vya mviringo, ndani ya chumba kile. Mtu akija na nyundo akavunja meza, hawezi kujitetea kwamba kazi hiyo ni ya ushirikishwaji. Kualikwa kubandika si kualikwa kuvunja.

Kati ya wote hao, anayenishughulisha zaidi ni Lygia Clark wa Brazil. Kuanzia mwaka 1960 alitengeneza sanamu dhahania alizoziita Bichos: mabamba ya chuma chepesi, pembetatu na nusu duara, yaliyounganishwa kwa bawaba. Hazina mbele wala nyuma, hazina juu wala chini. Ukiinua bamba moja, jingine linajikunja bila kukuomba. Ukilisukuma hilo, la tatu linasimama. Huwezi kuilazimisha sanamu iwe unavyotaka, nayo haiwezi kusimama yenyewe bila wewe, na sanaa imo katika kule kubishana kwa mkono na bawaba. Clark hakuziona kuwa vitu vya kutazamwa. Leo sanamu hizo ni ghali mno, na mara nyingi utazikuta ndani ya vioo au juu ya majukwaa yenye ilani ya kutogusa, zimetulia katika mkao mmoja kama kwamba ndio zilioumbiwa.

Naliona hilo kuwa kosa la aina moja na kosa la kisu, ingawa linafanywa kwa glavu na kwa ustaarabu. Ruhusa ya msanii imekiukwa, safari hii na wale waliokabidhiwa kuilinda. Naelewa hofu yao: bawaba huchakaa, na Clark, aliyefariki mwaka 1988, hatatengeneza nyingine. Lakini ipo njia ya uaminifu. Katika maonyesho makubwa ya Clark yaliyofanyika mwaka 2014 katika Museum of Modern Art jijini New York, wageni waliwekewa nakala za kuzishika na kuzikunja, huku sanamu za asili zikihifadhiwa. Jumba linaloonyesha kazi ya kuguswa bila kumpa mgeni hata nakala moja ya kugusa linaonyesha maganda yake tu, na lingefanya vyema kuwaambia wageni hivyo.

Majumba yana wajibu mwingine, nao ni kusema wazi. Machi 2021, katika jengo la maduka jijini Seoul, vijana wawili walisimama mbele ya turubai kubwa la JonOne, msanii wa Marekani anayetokana na grafiti. Turubai limejaa michirizi na matone ya rangi. Mbele yake, sakafuni, yalipangwa makopo ya rangi na brashi. Wakachukua brashi, wakaongeza mipako ya kijani. Kazi hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 400,000, na makopo yale yalikuwa sehemu ya maonyesho, vifaa alivyovitumia msanii mwenyewe. Kamera ziliwanasa, polisi wakawahoji, wakaachiwa. Walieleza kwamba walidhani watazamaji wamealikwa kuchora. Siwezi kuwaweka vijana hao fungu moja na mwenye kisu. Brashi iliyowekwa mbele ya mtu, kando ya picha iliyojaa michirizi, bila kizuizi wala maandishi ya kutosha, inamwambia achukue. Aliyepanga ukumbi ule ndiye aliyetoa mwaliko ambao msanii hakuutoa, na lawama iende kwake kwanza.

Sheria nayo inakubaliana na msingi huu kwa kiasi kikubwa. Mkataba wa Berne, katika kipengele kilichoongezwa mwaka 1928, unampa mtunzi haki ya kupinga upotoshaji au ukeketaji wa kazi yake unaoharibu heshima au jina lake, hata baada ya kuuza haki zake za kiuchumi. Tanzania kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2001, zimempa mtunzi ulinzi wa namna hiyo. Wasanii wetu wanapaswa kuijua haki hii. Tunapozungumzia Newman na Twombly, tunazungumzia picha zenye bima, walinzi na warejeshaji. Kanuni ikilegea, atakayeumia zaidi ni mchoraji wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye turubai lililochanwa ni miezi yake kadhaa ya kazi, na hakuna wa kumlipa.

Hata hivyo ruhusa ya msanii haina nguvu juu ya kila kitu. Mwaka 2015 sanamu kubwa ya chuma ya Anish Kapoor, Dirty Corner, iliwekwa katika bustani za Versailles, na Septemba mwaka huo watu wasiojulikana wakaiandika matusi ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kapoor, ambaye mama yake ni Myahudi, alitaka maandishi yabaki yawe ushahidi wa aibu ya walioyaandika. Mahakama iliamuru yafichwe, naye akayafunika kwa utando mwembamba wa dhahabu. Namwelewa Kapoor, lakini mahakama ilikuwa sahihi. Msanii anaweza kusamehe jeraha la kazi yake. Hawezi kusamehe, kwa niaba ya wapita njia, tusi linalowalenga wao.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni kuabudu vitu, na kwamba rangi ni rangi tu. Nawaomba waangalie kazi iliyofanyika Tate Modern jijini London. Oktoba 2012 mtu mmoja aliandika jina lake kwa wino mweusi kwenye kona ya Black on Maroon, picha ya Mark Rothko ya mwaka 1958. Wino ulipenya tabaka za rangi hadi kwenye turubai. Rothko alikuwa akichanganya vitu vyake mwenyewe, mayai, gundi, utomvu, na kila tabaka lilikuwa na hulka yake. Kiyeyushi ambacho kingeondoa wino kingeweza pia kuondoa Rothko. Familia ya msanii ilitoa turubai alilolipaka yeye msingi na kuliacha, ili majaribio yafanyike hapo kwanza. Kwa muda mrefu warejeshaji hawakuigusa picha yenyewe. Walipaka, walichafua na kusafisha vipande vya mfano hadi wakapata mchanganyiko unaofaa. Ndipo wakauondoa wino kidogokidogo, wakiziba palipobaki pengo. Ilichukua miezi 18. Tendo lililoiharibu lilichukua muda wa kuandika jina.

Katika miezi hiyo 18 watu waliokuja London, wengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, hawakuiona. Hao ndio wanaosahaulika katika mjadala huu, unaoendeshwa kama ugomvi wa msanii na mtazamaji mmoja jasiri. Picha iliyotundikwa mbele ya umma ina watazamaji wengi, na wengi wao hawajafika bado, wengine hawajazaliwa. Aliyechana, aliyebusu na aliyeandika jina lake, kila mmoja alijichagua kuwa mtazamaji wa mwisho wa kazi ile kama ilivyokuwa.

Mtazamaji asiyeipenda sanaa dhahania hajanyimwa kitu. Ana haki ya kusema ni upuuzi, kuandika hivyo gazetini, kupinga isinunuliwe kwa fedha za umma, kugeuza mgongo na kutoka, au kuchora picha yake ya kuijibu. Mtazamaji anayeipenda kupita kiasi anazo hizohizo. Na majumba yaandike waziwazi, kwa lugha ambayo wageni wao wanaisoma, kipi kishikwe na kipi kisishikwe, kwa mujibu wa matakwa ya msanii na si ya bima peke yake. Kila atakayeingia ukumbini baada yetu ana haki ya kuikuta kazi kama aliyeitengeneza alivyotaka ikutwe, aipende au aichukie kwa macho yake mwenyewe.